Mtoto, Kompyuta na Simu: Kinga Ianze Darasani



Msimu wa korosho ukimalizika, sisi wa huku Lulindi, Masasi na kule juu Newala tunajua kwamba vitu viwili vitaongezeka: mabati mapya juu ya nyumba na simu mpya ndani ya nyumba. Mabati hayana neno. Simu ndiyo ninayotaka tuizungumze leo. Huenda baadhi yenu mtauliza, nesi na simu wapi na wapi? Nitawasimulia jambo moja, nanyi mtaona.

Miaka michache iliyopita mama mmoja alimleta binti yake wa darasa la sita katika chumba chetu cha wagonjwa wa nje. (Nimebadili mambo madogo madogo ili asitambulike.) Mtoto alilalamika tumbo, hakula vizuri, usiku hakulala. Nikampa dawa ya minyoo. Baada ya wiki mbili akarudishwa. Tukapima malaria, hakuna. Tukapima mkojo, safi. Nikampa dawa ya kutuliza maumivu na kumshauri mama juu ya uji wa lishe. Aliporudi mara ya tatu nilimwomba mama akae nje kidogo, nikaketi na mtoto peke yetu. Safari hii sikumwuliza tumbo linauma wapi. Nilimwuliza, "Mjukuu wangu, kuna mtu anayekuogopesha?"

Alilia kwanza, ndipo akasema. Katika simu ya kaka yake alikuwa akizungumza na mtu aliyejiita mwanafunzi wa sekondari. Mtu huyo alimsifu, akamtumia vocha, akambembeleza ampelekee picha ambayo mtoto hapaswi kupigwa. Alipoipata, sauti yake ikabadilika: tuma nyingine, la sivyo hii nitaipeleka kwa baba yako. Kwa muda wa miezi miwili mtoto yule aliubeba mzigo huo peke yake, na mimi nilikuwa nikimpa dawa ya minyoo.

Nilimwuliza kwa nini hakumwambia mama yake. Akanijibu, "Bibi, ningepigwa."

Ndugu msomaji, nakuomba jibu hilo ulishike, kwani tutalirudia mwishoni.

TULIKOTOKA

Sisi wazazi na bibi wa leo hatuna wa kumlaumu kwa kutojua mambo haya. Mwaka 1974 serikali yetu ilizuia kuingiza kompyuta na televisheni nchini, kwa kuona kwamba nchi changa ilikuwa na mahitaji mengine ya kwanza. Zuio hilo lililegezwa baadaye, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Mimi mwenyewe niliona kompyuta kwa mara ya kwanza nikiwa tayari muuguzi, katika ofisi ya mhasibu, imefunikwa kitambaa kama mkate. Kisha mwaka 2008 M-Pesa ikaingia nchini, na simu ikawa pia mkoba wa fedha. Sasa intaneti nayo imo ndani ya simu hiyohiyo ambayo mtoto anaichezea akisubiri ugali.

Shuleni mambo nayo yamebadilika. Kwa miaka kadhaa mada za TEHAMA, yaani teknolojia ya habari na mawasiliano, zilifundishwa ndani ya somo la Sayansi na Teknolojia. Mwishoni mwa mwaka 2022 serikali ilianza kuwagawia walimu wa shule za umma vishikwambi, vikiwemo vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka huo. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024. Lakini katika shule nyingi za vijijini bado hakuna chumba cha kompyuta. Kuna kishikwambi cha mwalimu, na kuna darasa zima linalokitazama.

Mwalimu mmoja wa jirani aliniomba nimsaidie katika mazingira hayo. Alitaka watoto waijue mashine, nami nilitaka wajue kujikinga nayo. Tukaunganisha mambo hayo mawili katika masomo manne. Nayaeleza hapa ili mzazi au mwalimu yeyote aweze kuyatumia.

SOMO LA KWANZA: MASHINE INAFUATA MAAGIZO

Asije mtu akasema kompyuta haiwezi kufundishwa pasipo kompyuta. Mwaka 2018 dunia nzima ilimwona mwalimu wa Ghana, Richard Appiah Akoto, akichora ubaoni kwa chaki za rangi kila kitu kinachoonekana kwenye kioo cha kompyuta, kwa kuwa shule yake haikuwa na hata moja. Picha zake zilipoenea, watu walimpelekea shule ile kompyuta. Lakini kabla hazijafika, somo lilikuwa limeshaanza.

Sisi tulitumia hospitali. Tuliwaambia watoto: mgonjwa anaingia mapokezi, daktari anafikiri na kuamua, faili linawekwa chumba cha mafaili, na mwisho mgonjwa anapata dawa dirishani. Kompyuta nayo ina sehemu nne za namna hiyo. Kibodi na kipanya ni mapokezi, maana humo ndimo habari zinaingia. Kichakato ndicho kinachofanya kazi, hifadhi inatunza, na kioo kinatoa majibu. Simu ya mkononi ina sehemu hizohizo zote, ila zimebanwa mahali padogo.

Kisha tukawafundisha programu ni nini. Tulimchagua mtoto mmoja awe "kompyuta", na wenzake wakamwagiza atengeneze maji ya chumvi na sukari kwa ajili ya mtoto anayeharisha. Wa kwanza alisema, "Weka chumvi." Kompyuta yetu ikamimina chumvi mpaka kopo likaisha, na darasa likacheka. Hapo wakaelewa kwamba mashine haijui nia yako, inafuata neno ulilosema. Walirekebisha maagizo mpaka yakawa sawa: lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga mpaka viyeyuke. (Akina mama, pakiti za ORS pamoja na vidonge vya zinki mnazopata kituo cha afya ndizo bora. Haya ya nyumbani ni pale zinapokosekana.)

Funzo la pili la mchezo huu ni kubwa zaidi. Mashine inafuata maagizo ya aliyeitengeneza. Basi, michezo na video zinazofuatana bila kikomo kwenye simu zimepangwa na watu ili mtazamaji asiondoke. Mtoto anayeshindwa kuiacha simu hajarogwa, naye si mtoto mbaya. Anapambana na kitu kilichotengenezwa kwa ustadi kimshike, kwa hiyo anahitaji mkono wa mtu mzima.

SOMO LA PILI: KILICHOTUMWA HAKIRUDI

Tulimpa mtoto mmoja karatasi yenye neno moja. Aandike nakala mbili, awape wenzake wawili. Kila mmoja naye aandike mbili, awape wengine wawili. Tulipofika mzunguko wa nne darasa lilikuwa limechafuka kwa karatasi. Mwalimu akawapa hesabu waimalize ubaoni: 2, 4, 8, 16, 32, na kuendelea. Katika mzunguko wa 10 pekee zinaandikwa nakala 1,024.

Ndipo nikamwambia yule wa kwanza, "Haya, nenda kazikusanye zote uzichane." Alisimama akitazama huku na huku, kisha akaketi. Hakuna maneno ambayo ningeweza kusema yakawaingia kuliko kuketi kule. Picha iliyotumwa kwa mtu mmoja haimo tena mikononi mwako, hata ukiifuta kwenye simu yako.

SOMO LA TATU: SIRI ZA KUTUNZA NA SIRI ZA KUSEMA

Watoto wetu tunawafundisha kutunza siri, nasi twafanya vema. Lakini lazima wajue kwamba siri ni za aina mbili.

Siri za kutunza ni hizi: namba ya siri ya fedha ya baba au mama, neno la siri la kufungulia simu, jina kamili pamoja na shule anakosoma, mahali nyumba ilipo, na picha zake. Hizi hapewi mtu wa mtandaoni, hata akijiita mwalimu, mfanyakazi wa kampuni ya simu au mjomba aliyeko Dar es Salaam. Ninyi wazazi mnaujua ujumbe ule wa "ile hela itume kwenye namba hii." Mtoto akiushika mkononi simu ikiwa kwake, na namba ya siri anaijua, fedha za korosho zinaweza kwenda kabla hamjarudi shamba. Ujumbe wa namna hiyo usijibiwe. Upelekwe namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ili namba ya tapeli ishughulikiwe. Na kila mzazi abonyeze *106# kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, maana laini usiyoijua inaweza kufanya uovu kwa jina lako.

Siri za kusema ni zile ambazo mtu mwingine anamwambia mtoto, "Usimwambie mama." Neno hilo peke yake linatosha kuwa kengele ya hatari. Anayetoa zawadi kwa siri, anayeomba picha kwa siri, anayetaka wakutane kwa siri, wote hao ni wa kutajwa siku hiyohiyo.

Wala tusidhani adui huyo yuko mbali tu. Mwaka 2022 mashirika ya ECPAT, INTERPOL na UNICEF yalitoa taarifa ya utafiti uliofanyika hapa Tanzania. Kati ya watoto wa miaka 12 hadi 17, 67 katika kila 100 walikuwa wakitumia intaneti. Na kati ya hao wanaoitumia, 4 katika kila 100 walikuwa wametendewa ukatili mzito wa kingono kwa njia ya mtandao katika mwaka mmoja. Wakikadiriwa kwa nchi nzima ni kama watoto 200,000. Taarifa hiyo ilionyesha pia kwamba mara nyingi mtendaji alikuwa mtu ambaye mtoto alikwisha kumfahamu. Kwa hiyo kumwambia mtoto "usiongee na wageni" peke yake hakutoshi.

SOMO LA NNE: VIDOLE VITANO

Kila mtoto aliweka kiganja chake juu ya daftari akakichora. Katika kila kidole aliandika jina la mtu mzima mmoja anayeweza kumwambia jambo la kutisha: mama, baba, bibi, mwalimu, shangazi, nesi. Wengi walijaza vidole viwili au vitatu, wakakwama. Wako waliojaza kimoja. Mmoja alirudisha daftari kiganja kikiwa kitupu kabisa.

Wapendwa, fanyeni zoezi hili nyumbani jioni ya leo, wala msimlazimishe mtoto awaandike ninyi. Kama jina lako halimo, usikasirike. Jiulize ni kitu gani kilichomfanya akuruke.

Katikati ya kiganja waliandika namba 116. Hiyo ni Huduma ya Simu kwa Mtoto, inapigwa bila malipo, na mtoto au mtu mzima yeyote anaweza kuipiga.

AFYA YA MWILI

Hapa nitakuwa mfupi.

Usingizi: mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa usiku mmoja, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Mwanga wa simu na msisimko wa video huchelewesha usingizi. Usiku simu ilale chumba cha wazazi.

Macho: anayekodolea kioo hupepesa macho mara chache, nayo hukauka na kuwasha. Kila baada ya dakika 20 mtoto atazame kitu kilicho mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20. Kucheza nje katika mwanga wa mchana husaidia kupunguza uwezekano wa kuwa na tatizo la kutoona mbali. Hili tunalo bure chini ya mikorosho yetu.

Watoto wachanga: Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya kioo, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Simu si yaya.

Moto: betri iliyovimba isichajiwe tena, wala simu isichajiwe chini ya mto au godoro.

TUIKATAZE KABISA?

Wazazi wengine huniambia dawa ni kuikataza simu mpaka mtoto amalize shule. Nawaelewa. Lakini akinyimwa nyumbani ataiona kwa rafiki au kwenye kibanda umiza, mahali ambapo hana wa kumwuliza. Tena ndani ya simu hiyohiyo mna vitabu: Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya shule kwenye maktaba yake ya mtandaoni, na mtoto wa kijijini anaweza kuvisoma.

Hapa kwetu tuna mfano wa zamani wa kutusaidia. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 wamisionari wa Kianglikana wa eneo la Masasi walikuta jando, na palikuwa na hoja ya kuipiga marufuku. Padre Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1926, hakuifuta, wala hakuiacha vilevile. Yeye na wazee Wakristo wa hapa waliifanya jando ya Kikristo, chini ya macho ya kanisa, wakijua kwamba watoto wangeingia jandoni tu, iwe kwa siri au kwa uwazi. Kuhusu namna walivyoifanya watu wamebishana sana. Lakini shabaha yao tunaweza kuichukua: mahali mtoto anapofundishwa mambo ya utu uzima, mtu mzima anayemjali awepo.

Jandoni na unyagoni mtoto hakuachwa peke yake, alikuwa na kungwi au somo wake. Kwenye simu tumewapeleka watoto bila kungwi. Basi kaa naye. Mwambie akuonyeshe anachotazama na mchezo anaoucheza. Usione haya kufundishwa na mwanao namna ya kufungua ukurasa, maana anayekufundisha leo hataogopa kukuuliza kesho.

DALILI ZA KUANGALIA

Mtoto anayeficha kioo kila unapopita. Anayeamka usiku kutazama simu. Aliye na vocha au zawadi zisizojulikana zilikotoka. Anayeshtuka ujumbe unapoingia. Aliyeacha kucheza na wenzake. Anayeshuka ghafla darasani. Anayeumwa tumbo au kichwa mara kwa mara na vipimo havionyeshi kitu. Dalili moja haithibitishi jambo. Lakini zikiwa mbili au tatu, keti naye mahali tulivu, uulize kwa upole. Sisi wauguzi nasi tuulize. Nilichelewa mara mbili, sitaki kuchelewa tena.

LIKISHATOKEA, FANYA HIVI

1. Msikilize mpaka amalize. Mwambie, "Umefanya vizuri kuniambia. Kosa ni la yule mtu." Usimpige, usimtukane, usimtangaze.

2. Usimlipe anayetisha na usimtumie picha nyingine. Akilipwa mara moja, atarudi tena.

3. Usifute ujumbe, kwa kuwa ni ushahidi. Andika namba, jina analotumia na tarehe. Usiirushe picha ya mtoto kwa mtu yeyote, hata kwa kuomba ushauri. Ipeleke simu yenyewe.

4. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa Afisa Ustawi wa Jamii, au piga 116. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayetengeneza au kusambaza picha za ngono za mtoto. Na kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18.

5. Kama mtoto amekutana na mtu huyo na ameumizwa mwilini, mlete hospitali mara moja, kabla ya kumwogesha na kabla ya kufua nguo zake. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi ikianzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora.

6. Usimalize jambo hili kwa kikao cha siri cha ukoo na faini ya mbuzi. Mtu yule atamtafuta mtoto wa jirani.

TURUDI KWA YULE BINTI

Mama yake nilimwita ndani nikamweleza nikiwa nimemshika mtoto mkono. Kwanza aliinua mkono wake, nami nikaogopa. Kisha aliushusha, akamvuta mtoto kifuani, akasema neno moja tu: "Pole." Mambo ya sheria yalienda kwa taabu na polepole, nisiwadanganye. Lakini usiku ule, mama aliniambia baadaye, mtoto alilala mpaka asubuhi, na tumbo halikuuma tena. Dawa ya kwanza ilikuwa lile neno la mama.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mtoto hufichua maradhi yake pale tu anapojua hatachapwa kwa kuyafichua. Kompyuta watafundishwa na walimu. Hilo la kutoogopa kusema, tutawafundisha sisi nyumbani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA FAMILIA NA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika nyumba yetu simu hulala wapi usiku? Nani anaijua namba ya siri ya fedha?

2. Kila mtoto achore kiganja chake. Ni vidole vingapi vimejaa? Tufanye nini ili vijae vyote?

3. Mara ya mwisho mtoto alipotuambia kosa lake mwenyewe, tulimjibuje?

4. Shule yetu ya msingi ina vifaa gani vya TEHAMA, na sisi wazazi tunaweza kumsaidiaje mwalimu?

Tukutane toleo lijalo.